Kompyuta ya Mezani Inapokatikakatika Mtandao: Hatua za Kubaini Chanzo

Mwananchi anayeteremka kutoka Chome au Mbaga hadi Same mjini kulipia huduma ya Serikali huhitaji kumbukumbu namba ya malipo, ambayo hutolewa kupitia mfumo unaotegemea mtandao. Kompyuta ya mhudumu ikipoteza mtandao kwa sekunde chache, kazi huweza kuanza upya na mwananchi akakosa gari la kurudi milimani. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuibaini, kwani fundi anapofika mara nyingi hukuta mtandao umekwisha kurejea.

Kuweka kumbukumbu

Mtumiaji aandike saa mtandao ulipokatika, muda uliopita kabla ya kurejea, na iwapo kompyuta za jirani ziliathirika. Zikikatika zote kwa pamoja, chanzo kitafutwe kwenye swichi, ruta, umeme au kwa mtoa huduma. Ikikatika moja pekee, uchunguzi uanzie kwenye kebo yake.

Kuangalia taa

Kompyuta nyingi zina taa ndogo kando ya tundu la kebo ya mtandao. Taa hiyo ikizimika mtandao unapokatika, muunganisho wenyewe umepotea. Chanzo huwa kebo, kichwa chake, tundu, swichi au kadi ya mtandao. Ikiendelea kuwaka, ichunguzwe anwani ya IP, hasa pale vifaa viwili, kwa mfano kompyuta na printa, vinapotumia anwani moja.

Kupima kebo

Kebo ya kawaida ya shaba ina nyaya 8 zilizosokotwa katika jozi 4. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2, ilhali gigabiti 1 hutumia jozi zote. Waya mmoja ukilegea, kasi inaweza kushuka au muunganisho ukakatikakatika. Kebo iliyokandamizwa na meza, au ambayo kilimi cha kichwa chake kimevunjika, ibadilishwe. Umbali kutoka swichi hadi kompyuta usizidi mita 100.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati

Ibadilishwe kebo kwanza, kisha tundu la swichi, na kila badiliko lipewe muda wa kutosha kabla ya linalofuata. Vitu viwili vikibadilishwa kwa pamoja, chanzo hakitajulikana. Tatizo likiendelea, mtaalamu wa TEHAMA azime mpangilio unaoruhusu kompyuta kuzima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme, kisha ahuishe programu endeshi ya kadi hiyo.

Tahadhari ya radi

Kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili huweza kupitisha mshtuko wa radi na kuharibu vifaa vya pande zote mbili. Katika maeneo ya milimani, kebo ya faiba ni salama zaidi kwa kazi hiyo.

Mtumishi asibadilishe anwani wala mipangilio ya mtandao bila idhini. Awasilishe kumbukumbu zake kwa kitengo cha TEHAMA ili fundi aanze kazi akiwa na ushahidi.