Rumba Iliyovuka Ziwa: Kuwasikiliza Les Mangelepa Kutoka Uvira

Ukisimama Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, milima ya Mitumba inabaki mgongoni na macho yanaelekea mashariki, ng'ambo ya ziwa. Ni hapo ninapopenda kuisikiliza Last Band Standing, albamu ya mwaka 2017 iliyowarudisha Les Mangelepa, bendi ya rumba, masikioni mwa watu zaidi ya miaka 40 tangu waanze. Jina la albamu linasema hii ndiyo bendi ya mwisho ambayo bado imesimama.

Historia ya rumba yetu karibu kila mara huandikwa kutoka magharibi. Desemba 2021, UNESCO ilipoitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, ombi lilikuwa la nchi mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville, zinazotazamana mtoni. Ni haki yao. Lakini rumba ina tawi jingine, nalo lilivuka ziwa.

Njia yenyewe ilikuwa ya zamani. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji, walifuata njia ya wafanyabiashara, ileile iliyotuletea Kiswahili. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wanamuziki wa Kongo walikuwa wakielekea upande wa pili. Ilunga wa Ilunga, tunayemjua kama Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi kule Katanga, alihamia Dar es Salaam mwaka 1971, kisha akaingia Nairobi mwaka 1975 na bendi yake, Baba National. Nairobi kulikuwa na studio, kampuni za santuri na wasikilizaji wa Kiswahili. Kwa mtu wa Katanga, Kinshasa ilikuwa mbali, tena ilitawaliwa na Kilingala. Mwaka 1976 kundi la wanamuziki wake, wakiwemo Bwamy Walumona na Kabila Kabanze Evany, lilijitenga na kuanzisha Les Mangelepa.

Usianze na albamu mpya. Tafuta kwanza Embakasi ya miaka ya 1970, wimbo wenye jina la mtaa ulipo uwanja wa ndege wa Nairobi. Santuri ndogo za siku zile zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, magitaa yakichemka upande wa pili. Mpenzi wa dansi aliinuka kwenda kuigeuza santuri huku mwili bado unacheza.

Sasa weka albamu ya 2017. Sikiliza ngoma. Ule mdundo wa kavasha, mwepesi kama mvua juu ya bati, ulitoka Kinshasa kwa vijana wa bendi ya Zaiko Langa Langa, na bendi za Nairobi zikaukumbatia hadi ukawa wao. Halafu sikiliza saksafoni na tarumbeta. Zaiko na vijana wenzao walikuwa wameziweka kando. Mangelepa walizishika, na kwangu mimi humo ndimo ulimo moyo wa bendi hii. Magitaa ya solo na mi-solo yanajibizana, lakini vyombo hivyo vya kupuliza ndivyo vinavyoinua watu vitini. Nyimbo za zamani zimerekodiwa upya, kwa sauti safi kuliko santuri zile zenye mikwaruzo. Nakiri naikosa mikwaruzo hiyo. Ila waimbaji humo tayari ni wazee, na neno la mapenzi alilolisema mtu akiwa na miaka 25 lina uzito mwingine akilirudia amepita 60.

Sikiliza lugha pia. Wanaimba Kilingala na Kiswahili, na jina la wimbo wao Nyako Konya ni la Kijaluo, lugha ya watu wa ziwa jingine, waliowapokea na kununua santuri zao. Wageni hawa walijifunza kumwita mwenyeji kwa lugha yake.

Kama nyumbani kwako Uvira yuko mzee aliyekuwa kijana miaka hiyo, mpigie albamu hii bila kumtajia bendi. Mwangalie tarumbeta zinapoingia.