Mawe ya Handeni yasiyo na mifupa

Anayetafuta mifupa ya wanyama wa kale asipoteze nauli kwenda Handeni. Aende Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walifukua mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913 na kuwasafirisha hadi Berlin. Handeni na Korogwe ni nchi ya mawe matupu. Pasua jiwe la Kang'ata, pasua la kando ya Mto Pangani pale Hale: hukuti kombe, hukuti unyayo, hukuti jani lililoacha alama yake. Hata hivyo hakuna mawe makongwe kuliko hayo katika Mkoa wa Tanga, na yalikuwapo tayari wakati bahari za dunia hazijapata hata samaki mmoja.

Wavunja kokoto wanalijua jiwe hili kwa ugumu wake. Lina milia, mweupe kwa mweusi, na mara nyingi milia hiyo imepinda na kujikunja kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi kisha ukafinyangwa ungali mbichi. Humo huonekana vitone vyekundu vya ganeti. Mahali pengine vitone hivyo vimekuwa vikubwa na safi kiasi cha kuuzwa, na ndivyo vilivyowapeleka wachimbaji wadogo Kalalani, kaskazini mwa Wilaya ya Korogwe karibu na bonde la Umba. Handeni wao wana dhahabu ya Magambazi. Mtu aliyeshinda siku nzima shimoni akichekecha haulizi jiwe lina umri gani, na simlaumu.

Mifupa haipo kwa sababu jiwe hili limepikwa. Tuliyosoma shuleni kuhusu miamba geu ndiyo haya: matope, mchanga na chokaa vilizama chini sana ya ardhi, kilomita 30 na zaidi, penye joto la nyuzi 800 hivi, pamoja na miamba mingine iliyotoka kwenye uji wa moto. Mabara yalikuwa yanagongana hapa, yakiungana kuwa bara moja kubwa ambalo wanasayansi wanaliita Gondwana. Juu ya Uzigua na Usambara ya leo ilisimama safu ya milima ambayo wengi huilinganisha na Himalaya. Milima hiyo imeliwa na mvua na mito mpaka ikaisha, na tunachokanyaga leo ni mizizi yake. Milima ya Usambara inayoonekana kutoka Mombo imejengwa kwa mawe hayo hayo, lakini kimo chake ni cha baadaye kabisa, kilitokana na ardhi kupasuka na kunyanyuliwa.

Katika joto lile hakuna kisukuku kinachobaki. Chokaa cha baharini hugeuka marumaru. Mabaki ya viumbe vidogo yaliyochanganyika na matope hubaki kaboni tupu, nayo hugandamana kuwa kinywe, madini yale yale ya ncha ya penseli. Kwa hiyo mkanda huu wa miamba haukukosa uhai. Uliupokea, ukauunguza ukawa masizi.

Umri wake umejulikanaje? Hapa inafaa kumtaja Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa kijana, alitumia urani na risasi kupima umri wa mwamba: urani huoza polepole na kugeuka risasi kwa kasi isiyobadilika, basi ukijua kiasi cha kila kimoja, umepata saa. Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akarudi bila utajiri ila na malaria kali. Miaka 40 baadaye, 1951, aliyaona mawe ya Msumbiji, Tanzania na Kenya kuwa ni ukoo mmoja, akayaita Mkanda wa Msumbiji. Handeni na Korogwe zimo ndani yake.

Saa yenyewe ni punje ya madini yaitwayo zirkoni, ndogo kuliko punje ya ulezi, inayohimili kupikwa. Mwaka 1994 Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye tulimjua kama Waziri wa Nishati na Madini, alichapisha pamoja na mwenzake Lenoir vipimo vya zirkoni za mkanda huu upande wa Tanzania. Kazi hiyo na zilizofuata zinaweka mapishi makuu ya upande huu wa mashariki kwenye miaka milioni 640 hivi iliyopita.

Wakati huo huo, juu ya ardhi, barafu ilikuwa imetanda. Kati ya miaka milioni 720 na 635 iliyopita dunia iliganda mara mbili, na ushahidi unaonyesha barafu ilifika hadi karibu na ikweta. Uhai ulikuwa bakteria na mwani. Viumbe vikubwa vyenye miili laini vilijitokeza miaka milioni 575 hivi iliyopita, na kipindi cha Kambria, chenye wanyama wa magamba na miguu mingi, kilianza miaka milioni 539 iliyopita.

Wazee wa Uzigua, ukiwauliza walizaliwa lini, hutaja njaa fulani. Wanajiolojia nao ni hivyo hivyo. Mipaka mingi ya vipindi vyao ni misiba: Permi iliisha miaka milioni 252 iliyopita pale viumbe vingi vya baharini vilipofutika, na zama za dinosaria zikaisha kwa msiba mwingine miaka milioni 66 iliyopita. Tofauti ni kwamba njaa ya Uzigua ina watu wa kuisimulia.

Panda basi Korogwe uelekee Tanga, safari ya kilomita 100 hivi. Hadi kupita Muheza uko juu ya mawe yaliyopikwa. Kisha, ukikaribia pwani, ghafla unaingia kwenye tabaka za mchanga na matope za Permi, na kati ya miamba hiyo miwili hakuna kitu. Zaidi ya miaka milioni 300 imekosekana: Kambria nzima, samaki wa kwanza, misitu ya kwanza, mnyama wa kwanza kutambaa nchi kavu. Katika tabaka hizo za Permi ndimo alimotoka Tangasaurus, mtambaazi mdogo mwenye mkia mrefu aliyepewa jina hilo na mwanasayansi Haughton mwaka 1924. Mifupa yake iko Cape Town. Mbele zaidi ni chokaa cha Jurasi chenye mapango ya Amboni, halafu matumbawe, halafu bahari.

Na humo baharini, tangu mapema miaka ya 2000, jarife za wavuvi wa Tanga zimekuwa zikinasa silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Ukoo wake ulianza zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, katikati kabisa ya ile miaka isiyo na jiwe kati ya Korogwe na Tanga. Mwaka 2009 alitengewa hifadhi yake ya bahari. Kwa mvuvi bado ni hasara: nyama yake imejaa mafuta yanayoharisha.