Annie Alipunguza Mzigo

Fundi wangu hapa Githurai akiona baiskeli yangu ya mbio hucheka. "Hizi tairi ni kama kamba. Kweli utafika Mombasa na hii?" Anataka ninunue Black Mamba yenye keria. Mimi humpigia stori ya Annie.

Juni 1894, Annie Kopchovsky, mama wa watoto watatu, aliondoka Boston, Marekani, kuzunguka dunia. Kampuni ya maji ya Londonderry ilimlipa dola 100 abebe tangazo lake, naye akajiita Annie Londonderry. Alibeba nguo za kubadilisha na bastola. Alivaa sketi ndefu, na baiskeli yake ya Columbia ilikuwa na kilo 19 hivi. Kufika Chicago, Septemba, alikuwa karibu kukata tamaa.

Hapo ndipo alibadilisha. Alichukua Sterling ya wanaume, karibu nusu ya uzito ule. Sketi nayo akaiacha, akahamia suruali. Tusidanganyane: sehemu kubwa ya safari alipanda meli, na stori zake alizitia chumvi. Lakini Septemba 1895 alirudi Chicago.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani bado wanasema mimi ni mtu wa kuachia mambo njiani. Labda. Ila Annie naye aliacha vitu Chicago, na ndiyo maana akaendelea.

Jana fundi alinifungia kibegi kimoja nyuma ya kiti. Keria nimekataa.