Jinsi ya kupata uwanja wa gofu unapohamia ng'ambo

MCHEZAJI gofu anayehama Kenya kwenda kuishi ng'ambo, awe mwanafunzi au mfanyakazi, hawezi kubeba uwanja wake ndani ya sanduku. Hata hivyo, akijiandaa mapema anaweza kuendelea na mchezo huo bila kufilisika.

Jambo la kwanza ni hendikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji. Tangu Januari 2020, mashirika ya R&A na USGA, ambayo husimamia sheria za gofu duniani, yameunganisha vipimo vilivyokuwa vikitofautiana baina ya nchi. Kipimo hicho hukokotolewa kutokana na matokeo manane bora kati ya 20 ya mwisho, na upeo wake ni 54.

Msafiri basi aondoke na cheti cha hendikapu pamoja na barua ya katibu wa klabu yake. Aulize pia iwapo klabu hiyo ina mkataba wa kupokeana wageni na klabu yoyote kule aendako.

Jambo la pili ni kujua uwanja ni wa nani. Aliyezoea klabu za wanachama, kama vile Royal Nairobi iliyoanzishwa mwaka wa 1906, huenda akadhani kuwa kote duniani ni lazima ajiunge ndipo acheze. Sivyo.

Nchini Marekani, viwanja vingi vi wazi kwa umma. Torrey Pines, ulioandaa US Open mwaka wa 2008 na 2021, ni mali ya jiji la San Diego. Bethpage Black, ulioandaa shindano hilo mwaka wa 2002 na 2009, umo katika bustani ya jimbo la New York. Katika viwanja hivyo viwili, mkazi hutozwa ada ya chini kuliko mgeni. Kwa sababu hiyo, anayehamia huko asichelewe kupata stakabadhi za ukazi.

Huko Scotland, hata Old Course wa St Andrews, uwanja unaosifika kuliko yote, ni wa umma. Baadhi ya nafasi hutolewa kwa kura inayopigwa siku mbili kabla ya mchezo, nao uwanja kwa kawaida hufungwa Jumapili. Asiyeonyesha hendikapu haruhusiwi.

Uingereza kwenyewe, mchezaji asiye mwanachama wa klabu anaweza kupata hendikapu rasmi kupitia mpango wa iGolf ulioanzishwa mwaka wa 2021.

Ujerumani mlango ni mwembamba zaidi. Anayeanza kucheza hutakiwa kufaulu mtihani wa sheria, adabu na ustadi, uitwao Platzreife, kabla ya kukubaliwa uwanjani. Aliye na hendikapu inayotambulika kwa kawaida husamehewa mtihani huo.

Katika Ghuba, kikwazo ni joto. Uwanja wa Majlis wa Emirates Golf Club, Dubai, ulifunguliwa mwaka wa 1988 ukiwa miongoni mwa vya kwanza vya nyasi katika eneo hilo. Klabu hiyo pia ina uwanja wa pili wenye taa, ambao huwezesha watu kucheza usiku.

Mgeni ajiandae vilevile kubeba mfuko wake mwenyewe, kwani kedi tuliowazoea hapa nyumbani ni nadra katika viwanja vya kawaida vya Ulaya na Marekani. Tena azingatie majira: Scotland mwezi Juni mwanga hudumu hadi saa nne usiku, ilhali Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni.

Hatimaye, asisite kwenda peke yake. Katika viwanja vingi vya umma, anayefika bila mwenzake huunganishwa na kundi lenye nafasi. Mashimo 18 huchukua takriban saa nne, muda wa kutosha kwa mgeni kujuana na wenyeji wake.