Vita vya Maji Maji Magazetini: Nani Alihesabiwa?

Katika somo lililopita tulieleza jinsi watu wa Matumbi walivyong'oa miche ya pamba ya Serikali huko Nandete mwishoni mwa Julai 1905, na jinsi vita vilivyoenea kutoka vilima vya Kilwa mpaka Liwale, Masasi na Ungoni. Leo hatutazungumza juu ya mapigano yenyewe. Tutazungumza juu ya habari za mapigano: nani aliziandika, nani alizisoma, na watu gani hawakuingizwa ndani yake. Sisemi habari za wenye mikuki na bunduki, bali habari za raia: mama aliyekuwa akipepeta mtama, mzee asiyeweza kukimbia, mwenye duka.

Jambo hili linaulizwa sana barazani tangu Oktoba 2023, vita vilipotokea kati ya Israel na Hamas. Watu husikia redioni idadi ya waliouawa, kisha husikia mwingine akiikataa idadi ile. Katika siku ya kwanza ya vita hivyo waliuawa watu wapatao 1,200 huko Israel, na miongoni mwao walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Baadaye huko Gaza waliuawa makumi ya maelfu, na waandishi wa kigeni wakazuiwa kuingia kwa hiari yao. Anayetaka kuelewa kwa nini hesabu ya raia hugombaniwa hana haja ya kwenda mbali. Na atazame Kilwa na Lindi.

Basi turudi mwaka 1905. Dar es Salaam palikuwa na gazeti la walowezi wa Kijerumani, jina lake Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza mwaka 1899. Tanga kulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya Serikali. Waandishi wake na wasomaji wake wengi walikuwa walimu, makarani na maakida, yaani watu waliokula mshahara wa Serikali. Kusini, mahali vita vilipokuwa, hapakuwa na gazeti hata moja. Kwa hiyo habari ya Matumbi ilipita kwanza mikononi mwa ofisa wa boma, ikaenda kwa Gavana, Graf von Götzen, ndipo ikafika Berlin. Kila mkono ulioipokea ulikuwa na haja yake.

Tarehe 14 Agosti 1905 msafara wa Askofu Cassian Spiss, uliotoka Kilwa kwenda Peramiho, ulishambuliwa njiani karibu na Liwale. Askofu, mabruda wawili na masista wawili waliuawa. Wiki mbili baadaye misioni ya Nyangao, upande wa Lindi, ilishambuliwa, na sista mmoja akauawa. Watu hawa hawakuwa askari. Walikufa kifo kibaya, na ilikuwa haki kabisa kifo chao kiandikwe. Nacho kiliandikwa: majina yao yote, siku yenyewe, mahali penyewe. Hata leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, tunaweza kuwataja mmoja mmoja.

Sasa tazameni wengine. Mwanzoni mwa vita Wamatumbi waliuchoma mji mdogo wa biashara wa Samanga, karibu na bahari, na Wahindi wenye maduka wakapata hasara kubwa. Hao nao hawakuwa wapiganaji. Habari yao ilitajwa kwa upesi, kama hasara ya mali. Na watu wa vijijini, ambao vita viliwapita juu ya vichwa vyao mara mbili, mara ya wenye maji na mara ya Serikali, hawakutajwa ila kwa jumla. Waliitwa waasi, wote pamoja. Mtu akiisha kuitwa mwasi, mke wake, mtoto wake na ghala lake huingia katika jina lile lile, wala msomaji wa Berlin haulizi tena. Mimi naona neno hilo moja liliwadhuru watu wetu magazetini kuliko uongo wowote.

Na hapa pana jambo kubwa zaidi. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Mwezi wa Oktoba 1905 ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni von Wangenheim, aliandika kwa wakubwa wake kwamba, kwa maoni yake, njaa na dhiki peke yake ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Mambo yakaenda hivyo. Mashamba yalichomwa, maghala yakatekwa, nafaka ikaliwa na askari na rugaruga wao, na msimu wa kupanda ukapita watu wakiwa mafichoni msituni. Hata amani iliporudi, mbegu hazikuwapo.

Lakini njaa ni habari ngumu kwa gazeti. Vita vina siku na saa: leo pamepigwa, kesho pamechukuliwa. Njaa haina siku. Mtoto hufa porini Februari, nyanya yake hufa Aprili, na hapana karani wa kuandika. Katika barua za boma wilaya ile huitwa tulivu. Ni kweli ilikuwa tulivu, maana watu hawakuwapo.

Tena wasomaji wa Ujerumani walikuwa na vita vingine machoni, vile vya Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo sasa ni Namibia. Huko walipelekwa maelfu ya vijana wa Kijerumani, na kila gazeti lilifuata habari za wana wa nchi yake. Afrika ya Mashariki askari walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa, basi hapakuwa na kina mama wengi wa Ujerumani waliongojea barua kutoka Kilwa. Wabunge wa Kisoshalisti na wengine waliulaumu utawala wa makoloni kwa ukali, lakini mjadala wao mkubwa ulihusu fedha na sababu za uasi. Götzen mwenyewe alieleza sababu kuwa ni ushirikina na waganga. Kitabu chake juu ya vita kilitoka mwaka 1909.

Tazameni hesabu yenyewe, ndugu zangu. Upande wa Serikali walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi wao Waafrika 389. Nambari hizi ni kamili mpaka mtu wa mwisho. Kwa wenyeji, hesabu ya Kijerumani ilikuwa 75,000. Hapo hapana 75,003 wala 74,812. Baadaye mwanahistoria Gilbert Gwassa alipochunguza upya, alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, pengine theluthi moja ya watu wa nchi zile, na wengi wao kwa njaa. Tofauti ya watu 200,000 si kosa la hesabu tu. Inatokana na swali la nani ahesabiwe: je, aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 aliuawa na vita? Gaza swali hilo hilo lilirudi. Agosti 2025 wataalamu wa chakula wanaotegemewa na Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba kuna njaa kuu katika mkoa wa Gaza, na Serikali ya Israel ikakanusha.

Je, pwani yetu ilinyamaza? La. Lindi alikuwapo mshairi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi mrefu wa vita hivi baada ya kwisha kwake, kwa Kiswahili. Huyu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kuwa mwandishi wa habari wa kusini. Lakini utenzi wake ulipigwa chapa Ujerumani mwaka 1933, na Afrika ya Mashariki haukutoka mpaka mwaka 1957, ulipochapishwa na Kamati ya Kiswahili. Habari ilingoja nusu karne kurudi nyumbani.

Na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walipelekwa vijijini kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Ndipo mambo ya njaa yalipoandikwa kwa wingi kutoka vinywani mwa walioiona. Kama wangechelewa miaka 15 tu, wangekuta makaburi.

Vikundi vya wasikilizaji vya Kilwa, Liwale, Nachingwea na Lindi tunaviomba kazi moja kabla ya somo lijalo. Waulizeni wajukuu na vitukuu wa watu wale majina ya vijiji vilivyokuwapo kabla ya vita na ambavyo sasa ni msitu. Andikeni jina, mto ulio karibu, na ukoo uliokaa hapo. Somo lijalo litahusu mashamba ya pamba ya maakida, na malipo waliyopewa waliolima.