Uhuru Iliyorushwa Kutoka Ngomeni

Kule mtaani Kware, ambako fleti zimebanana hadi mbingu imebaki utepe tu juu ya kichochoro, muulize mtoto wa shule nani alikanyaga mwezini kwanza. Hutamaliza swali kabla hajakutajia Neil Armstrong. Muulize habari za Uhuru, atakuelekeza matatu ya mjini na bustani ya kushukia.

Cha ajabu, huyu tunayemkariri aliikimbia sifa. Aliondoka NASA mwaka 1971, akaenda kufundisha uhandisi Cincinnati hadi 1979. Alipoona saini zake zinafanyiwa biashara, akaacha kuzitoa. Hata kinyozi wake huko Ohio aliuza nywele alizomkata, kwa dola 3,000! Vinyozi wa Kware huzifagia tu. Na mara nyingi alipoulizwa kuhusu safari ile ya mwezini, Armstrong aliwataja maelfu waliofanya kazi bila kuonekana.

Baada ya safari hiyo ya Julai 1969, yeye na wenzake wa safari, Aldrin na Collins, walizungushwa katika nchi zaidi ya 20. Kusini mwa Sahara walitua Kinshasa pekee. Nairobi haikuwaona.

Ila Kenya ilikuwa tayari na jukwaa lake la kurushia roketi. Waitaliano, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha San Marco kwa miguu ya chuma baharini, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki kasi ya ziada, na mbele yake ni maji matupu. Setilaiti ya kwanza iliruka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, ikaruka hapo setilaiti ya NASA ambayo msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kusaka eksirei za angani, miali ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Data iliyokusanya hadi Machi 1973 ilizaa orodha ya vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini basi Uhuru haimo vinywani mwetu? Nadhani ilikosa sura. Mtambo haupungii watu mkono kutoka kwenye gari la wazi, na sura za Wakenya waliofanya kazi Ngomeni hatukuzizoea.

Roketi ya mwisho iliondoka pale Machi 1988, lakini antena za Ngomeni bado hupokea mawimbi ya setilaiti. Taifa-1, setilaiti yetu wenyewe, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, kutoka California.