Moyo Pasipo Uzito: Dhana na Vipimo vya Mzunguko wa Damu Angani, 1961–2019

Kabla ya mwaka 1961, baadhi ya matabibu walihofu kwamba moyo wa binadamu ungeshindwa kufanya kazi pasipo uzito. Safari ya Yuri Gagarin ya dakika 108, tarehe 12 Aprili 1961, iliipunguza hofu hiyo. Insha hii inadai kwamba hatari iliyotazamiwa angani ilijitokeza zaidi wakati wa kurejea ardhini, na kwamba elimu hii imekua kwa dhana kusahihishwa na vipimo.

Duniani, mtu anaposimama, uvutano huishusha damu miguuni, nayo mishipa hujikaza ili ubongo usipungukiwe. Angani majimaji hupanda kifuani na kichwani: uso huvimba, miguu hukonda, na plazma ya damu hupungua. Upungufu huo hauonekani kuwa tatizo mpaka mtu asimame tena duniani.

Dalili zilianza mapema. Mei 1963, baada ya saa 34 angani, Gordon Cooper alipata kizunguzungu aliposimama. Juni 1970, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walirejea na chombo cha Soyuz 9 baada ya takriban siku 18, wakashindwa kusimama vyema bila kusaidiwa. Tangu hapo mazoezi ya mwili yalitiliwa mkazo zaidi katika safari ndefu za Kisovieti.

Katika kituo cha Skylab, mwaka 1973 hadi 1974, Wamarekani walitumia kifaa kilichofunika mwili kuanzia kiunoni kwenda chini na kupunguza shinikizo la hewa, hivyo damu ikavutwa miguuni kana kwamba mtu amesimama. Makundi matatu yalikaa siku 28, 59 na 84. Kundi la mwisho, lililoongezewa mazoezi, halikurejea likiwa dhaifu kuliko yaliyotangulia. Urefu wa safari peke yake, basi, haukutosha kueleza udhaifu huo.

Sahihisho kubwa zaidi lilikuja Juni 1991. Ilidhaniwa kwamba damu inayopanda kifuani ingeongeza shinikizo katika vena zilizo karibu na moyo. Daktari Drew Gaffney aliruka akiwa na mrija mwembamba uliopitishwa ndani ya vena hadi karibu na moyo wake. Shinikizo lilishuka, ilhali picha za mawimbi ya sauti zilionyesha moyo ukijaa zaidi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba shinikizo linaloubana moyo kutoka nje, ndani ya kifua, hupungua zaidi, hivyo moyo hupata nafasi ya kutanuka.

Mwaka 2019, uchunguzi wa wanaanga 11 ulionyesha kwamba kwa 6 kati yao damu katika mshipa wa shingo ilisimama au kurudi nyuma; mmoja alikutwa na bonge la damu. Hatari hii haikungoja kurejea ardhini. Hivyo basi, hata hitimisho la miongo iliyotangulia, kwamba mzunguko wa damu huathirika hasa wakati wa kurejea, linapaswa kushikiliwa kwa tahadhari.